Mlango kwanza, nyumba baadaye: historia ya milango ya nakshi Bagamoyo

Ukipita Mtaa wa India mjini Bagamoyo utaona kuta za karne ya 19 zilizobambuka chokaa hadi matumbawe yako nje. Baadhi ya nyumba hazina tena paa. Hata hivyo, katika kuta kadhaa bado imesimama milango ya nakshi ya pande mbili, yenye miimo iliyochongwa maua na minyororo, na vizingiti vizito vya juu. Wageni huipiga picha, kisha huendelea na safari. Anayetaka kujua mji huu ulitajirika vipi, na ulifukarika vipi, anapaswa kusimama hapo kwa muda mrefu zaidi.

Wapo wanaosema milango hii ililetwa na Waarabu. Usemi huo unawanyima haki mafundi wa pwani. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa, alipoeleza habari za Kilwa, alisifu milango ya mbao ya mji huo kwa nakshi na uungaji wake. Wakati huo utawala wa Waomani ulikuwa haujafika huku. Uchongaji ulikuwa sehemu ya miji ya Waswahili tangu zamani. Karne ya 19 iliongeza mali, mbao za kigeni na mitindo mipya juu ya ujuzi uliokuwepo.

Mali hiyo ilikuja kwa njia ya misafara. Seyyid Said, mtawala wa Oman, alipohamishia makao yake Zanzibar, jambo lililokamilika mwaka 1840, Bagamoyo iliyo ng'ambo ya kisiwa ikawa mwisho wa njia ndefu itokayo Ujiji na Tabora. Wapagazi walifika kwa maelfu wakiwa na meno ya tembo mabegani. Waliletwa pia watu waliotekwa na kufanywa watumwa. Mfanyabiashara aliyenufaika na biashara hiyo alijenga nyumba ya mawe, na fahari ya nyumba ikawekwa mlangoni. Uzuri wa nakshi hizi na machungu ya waliobeba mzigo ni historia moja, na haifai kusimulia upande mmoja tu.

Kwa mujibu wa masimulizi ya pwani, mlango ndio uliotangulia kusimamishwa, kisha kuta zikajengwa kuuzunguka. Ukiutazama ulivyoundwa utaona kwa nini. Fremu yake ina miimo miwili, kizingiti cha chini kilichoinuka na kizingiti cha juu, vyote vimeunganishwa kwa ndimi na matundu. Pande mbili za mlango hazikuhitaji bawaba za chuma: kila upande una ncha juu na chini, nazo huzunguka ndani ya matundu ya vizingiti. Katikati husimama mfaa, ubao mwembamba uliochongwa ambao hufunika mahali pande mbili zinapokutana. Kwa ndani mlango hufungwa kwa komeo. Kwa nje huwekwa mnyororo na kufuli. Fundi alitumia tezo, patasi, msumeno na kekee, vifaa vilevile vya fundi wa majahazi, na hadi leo ufundi wa vyombo vya baharini haujakoma Bagamoyo.

Mbao zilichaguliwa kwa kuzingatia mchwa na chumvi ya bahari. Mfenesi, mvule na mbambakofi zilipendwa, na msaji uliletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi. Boriti za mikoko zilizoshika dari ndizo zilizoamua upana wa vyumba, kwani hazikuweza kuvuka nafasi kubwa, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba. Mlangoni, ambako jicho la mpita njia lilitua, tajiri hakubanwa na kipimo hicho.

Mahali pa mlango pia palipangwa kwa adabu. Nje palikuwa na baraza ya mawe, ambapo mwenye nyumba alizungumza na wateja na majirani bila kuwaingiza ndani. Aliyepiga hodi akakaribishwa aliingia kwanza kwenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni, na mara nyingi ukuta au kona ilimzuia kuona uwanja wa ndani na wanawake wa nyumba. Nyumba zilizotazamana kwenye kichochoro hazikuelekezewa milango ana kwa ana. Kwa wafanyabiashara wa Kihindi mpango ulikuwa mwingine. Chini palikuwa duka, na mlango wake ulikunjwa asubuhi ili bidhaa zionekane, huku familia ikiishi ghorofani. Mtaa mmoja ulibeba desturi hizi zote bila ugomvi.

Mtafiti Judith Aldrick, katika makala aliyochapisha mwaka 1990 kuhusu milango ya nakshi ya karne ya 19, alionyesha kwamba mitindo yake ilibadilika kadiri ya wakati na wateja. Ipo yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, na ipo iliyopambwa kwa nusu duara la maua na majani, mtindo ulioshamiri zama za Sultan Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Ipo pia yenye miraba midogo mingi, iliyoathiriwa na ufundi wa Gujarat. Njumu za shaba zilizochomoza kwenye baadhi ya milango zina asili Bara Hindi. Huko inasemwa ziliwekwa kuzuia tembo wasisukume malango. Huku zilikuwa pambo tupu.

Kushuka kwa mji kulikuja haraka. Wajerumani walipoitwaa pwani hii waliifanya Bagamoyo makao yao makuu, lakini mwaka 1891 walihamia Dar es Salaam. Sababu kubwa ilikuwa bahari yenyewe: maji ya ufukwe wa Bagamoyo ni mafupi, meli kubwa haziwezi kukaribia, ilhali Dar es Salaam ina bandari ya kina. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliokuwa ukibebwa na wapagazi ukapanda treni. Matajiri waliondoka, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, nyumba na milango vikabaki.

Ufukara huo uliohifadhi milango sasa unaiangamiza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya mwaka 1940, jambo linaloonyesha kwamba taifa changa lilitambua mapema thamani yake. Lakini mlango ulioachwa kwenye ukuta usio na paa hunyeshewa, huoza chini kwenye kizingiti, kisha hung'olewa na kuuzwa. Ukifika sebuleni kwa mtu wa mbali unakuwa samani nzuri, basi. Baraza yake haipo, daka lake halipo, duka la jirani halipo, wala hakuna njia ya kujua ulielekea bahari au njia ya misafara.

Kwa hiyo kuilinda milango ya Bagamoyo ni kulinda nyumba zenyewe: kuezeka paa kabla ya masika, kupaka chokaa badala ya saruji inayoziba unyevu ndani ya matumbawe, na kuwapa kazi mafundi wa hapahapa wanaojua kuchonga mfaa na kuunga kizingiti. Wamiliki wengi hawana uwezo wa kubeba gharama hizo peke yao. Halmashauri, Idara ya Mambo ya Kale na wanaonufaika na utalii wana wajibu wa kuwashika mkono sasa, wakati bado kuna kuta za kuishikilia milango hiyo.