Baridi Iliyowalinda Trauti wa Montana

Juni 13, 1805, msafara wa Meriwether Lewis ulipofika kwenye maporomoko makuu ya mto Missouri, mvuvi wao Silas Goodrich alitupa ndoana akaopoa trauti nusu dazeni. Lewis hakuwala tu. Aliandika pia jinsi walivyo, pamoja na alama yao nyekundu. Ndio hao trauti wa koo jekundu, wenyeji wa milima ya Montana.

Kisha wakaja wageni. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, trauti wa upinde wa mvua kutoka California walisambazwa popote palipokuwa na mto wa kuvulia kwa starehe. (Homa hiyo ilifika hadi kwetu Kenya: mwaka 1905 Ewart Grogan alipandikiza trauti wa Scotland katika mto Gura, Aberdare. Huko angalau hapakuwa na trauti wenyeji wa kuonewa.) Huko Montana, bonde la Flathead peke yake lilimwagiwa zaidi ya milioni 20, hadi zoezi liliposimamishwa mwaka 1969.

Cha ajabu, wageni hawakupanda juu upesi. Mafuriko ya theluji inayoyeyuka yaliwasomba vifaranga wao, na vijito vya juu vilikuwa baridi mno kwao. Miongo iliyofuata mafuriko yalipungua, maji ya kiangazi yakapata joto, nao wakapanda. Aina zote mbili hutaga majira ya kuchipua, kwa hiyo zikachanganyika. Mwaka 2014 mtafiti Clint Muhlfeld na wenzake walionyesha kwa jeni kwamba uchotara ulikuwa umepanda mito sambamba na mabadiliko hayo. Na uchotara una gharama: samaki mwenye asilimia 20 tu ya damu ya kigeni huacha takriban nusu ya watoto wa mwenyeji halisi.

Kwa kuwa joto la maji lilichangia kuamua wageni wapande hadi wapi, kipimajoto kikapewa uzito. Dan Isaak na wenzake wa Idara ya Misitu ya Marekani, kituo cha Boise, walibandika vipimajoto vidogo kwenye mawe makubwa kwa gundi inayoshika hata chini ya maji, upande usiopigwa na mkondo, vikae humo miaka. Wakaunganisha vipimo vyao na vya taasisi nyingine zaidi ya 100. Matokeo yake yalileta nafuu: kwenye mteremko mkali, hatua chache za kupanda hukufikisha kwenye maji baridi zaidi, kwa hiyo joto huwafukuza samaki polepole kuliko ilivyohofiwa.

Nafuu hiyo haimzuii mgeni. Baadhi ya vijito sasa hujengewa vizuizi ili asipite, ingawa mwenyeji naye hubaki amefungiwa juu, na moto wa msitu ukipita hana pa kukimbilia.