FBI walilaumu risasi, wakazunguka miaka 30

Mkianza kubishana bastola gani ndiyo kali, jibu lenu huwa moja tu: ile kubwa. Sawa. Wacha niwape historia ya watu waliosema hivyo hivyo, tena wakiwa na pesa za serikali ya Marekani.

Tarehe 11 Aprili 1986, Miami. Maafisa 8 wa FBI wanazuia gari la majambazi wawili, Michael Platt na William Matix. Platt akitoka kwa dirisha la gari, afisa Jerry Dove anampiga risasi ya milimita 9. Inapita mkono wa kulia, inaingia kifuani, inachana pafu, inasimama karibu inchi moja kabla ya moyo. Jeraha la kuua, lakini si hapo hapo. Platt anaendelea kupigana, anamuua Dove na mwenzake Ben Grogan. Wengine 5 wanajeruhiwa. Aliyemaliza vita ni Edmundo Mireles, mkono mmoja umevunjwa, na rivolva yenye risasi za .38 Special.

FBI wakaamua mkosaji ni risasi ya Dove. Hapo mimi sikubaliani nao kabisa. Platt alikuwa na Ruger Mini-14. Hiyo ni raifo jamani, na wao wengi walikuwa na bastola! Lakini kuna kitu kimoja kizuri walitoa hapo: kipimo. Risasi ipigwe kwenye jelatini, iingie inchi 12 hadi 18. Kipimo hicho bado kinatumika.

Kisha wakachagua milimita 10. Nguvu ipo, ila teke lake si mchezo. Bunduki ikikuruka mkononi, risasi ya pili inachelewa, na ya tatu hujui imeenda wapi. Ikabidi wapunguze baruti. Sasa ganda likabaki na nafasi ya bure ndani, kwa hivyo Smith & Wesson na Winchester wakalifupisha, na mwaka 1990 wakatoa .40 S&W. Polisi wa Marekani wakaikimbilia. FBI wenyewe wakaichukua 1997.

Teke bado lilikuwa kali kuliko la 9. Mwaka 2014 kitengo chao cha mafunzo kikaandika wazi: polisi wakiwa kwenye mapigano hukosa kwa asilimia 70 hadi 80 ya risasi zao. Sasa kipenyo kikubwa kinakusaidia nini kama umepiga ukuta? Maafisa wengi walilenga vizuri na kwa haraka zaidi wakitumia 9, na risasi mpya za 9 zilifika kina kile kile. Halafu hesabu ndogo tu: Glock 22 ya .40 inabeba 15, Glock 17 ya 9 inabeba 17.

Mwaka 2016 wakaipa Glock kandarasi ya bastola za milimita 9. Kipenyo kile kile cha Dove.