Keja Imeingia Maji Sosiot: Nani Analipa, Wewe ama Landlord?

Mvua ya Kericho haijui likizo. Asubuhi jua, saa tisa mchana mawingu yamefunga, na kabla ufike kejani mvua ya mawe ishaanza kupiga mabati. Majani chai yanapenda mvua, godoro lako haliipendi. Kama umepanga Sosiot, ama uko upande wa Kabianga karibu na chuo, hii ndio rada ya nani anabeba gharama maji yakiingia ndani.

Swali la kwanza si nani ako na pesa. Ni maji yalitoka wapi?

Ya landlord

Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65, inasema nyumba ya kupanga lazima iwe inafaa kuishi siku unaingia, na ibaki hivyo ukiwa ndani. Kama umepanga sehemu tu ya jengo, mwenye nyumba ndiye anatunza paa, kuta za nje, mitaro mikuu na zile sehemu mnatumia wote. Hii inafanya kazi hata kama mlikubaliana kwa mdomo tu.

Kwa hivyo mabati yenye kutu, gata iliyojaa uchafu, paipu iliyopasuka ndani ya ukuta na tenki inayomwagika juu ni shida zake. "Ni mvua ya Mungu" si jibu kama paa lilikuwa limeoza.

Yako

Unajua ile ya maji kupotea mtaani? Unafungua mfereji, hakuna kitu, unausahau wazi unaenda zako. Maji yanarudi usiku, sinki inajaa, chumba kinakuwa bwawa. Hiyo ni yako. Pia kuziba sinki na mabaki ya chakula, ama kutoboa ukuta ukitundika TV na ukagonga paipu.

Lakini kifungu cha 66 kinakukinga ukihama. Hulipii kuchakaa kwa kawaida, mafuriko ama ajali ambayo hukusababisha, wala ubovu wa jengo. Landlord hawezi kukata deposit yako apake rangi dari iliyoharibiwa na paa lake.

Ya jirani wa juu

Kama aliacha mfereji wazi, yeye ndiye alipe. Kama ni paipu ya jengo imepasuka, rudi kwa landlord.

Unyevu

Hapa kwa baridi, ukipika na kuanika nguo ndani madirisha yakiwa yamefungwa, mvuke unashika kwa ukuta na ukungu mweusi unatokea. Usikimbilie kulaumu paa. Doa linalokua kila mvua ikinyesha ni la kuvuja. Ukuta unaotoa jasho hata siku ya jua, fungua dirisha kwanza.

TV na godoro je?

Hapa ndio kuna kazi. Landlord kurekebisha paa si sawa na landlord kukununulia TV mpya. Ukitaka akulipe vitu vyako, onyesha kwamba alijua paa linavuja na akazembea. Kumwambia caretaker kwa korido haitoshi, maana kesho atasema hakusikia. Bima ya landlord nayo kwa kawaida ni ya jengo, si ya vitu vyako.

Maji yakiingia, fanya hivi:

1. Zima stima kwa swichi kuu, kama unaifikia bila kukanyaga maji.
2. Piga picha na video kabla upanguse. Onyesha maji yanatoka wapi.
3. Tumia landlord ujumbe siku hiyo hiyo, SMS ama WhatsApp: tarehe, shida, na siku unaomba fundi aje.
4. Ondoa vitu kwa maji. Ukiviacha vioze, hasara hiyo ya pili ni yako.
5. Weka risiti zote.

Kodi unalipa ama hulipi?

Sheria inasema kama nyumba haifai kukaa kwa sababu ya mafuriko, ajali ama ubovu wa jengo ambao si makosa yako, kodi inasimama, yote ama sehemu, hadi irekebishwe. Ikipita miezi 6 bado haijarekebishwa, unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi 1. Lakini usinyamaze tu na kodi. Landlord ataita hiyo deni. Kubalianeni kwa maandishi, mkishindwa tafuteni uamuzi.

Unaenda wapi?

Anza na mazungumzo, hata kwa ofisi ya chifu, na mkielewana muandike. Isipoweza, kodi isiyozidi KSh 2,500 kwa mwezi iko chini ya Rent Restriction Tribunal. Ukidai pesa za vitu vilivyoharibika, Mahakama ya Madai Madogo inasikiza madai hadi KSh 1,000,000. Si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Na kama bado unatafuta keja, usiende kuiona asubuhi jua likiwaka. Nenda saa tisa, mvua ikinyesha. Angalia dari, nusa kona za ukuta, piga picha ya kila doa na umtumie landlord kabla ulipe deposit. Siku ya kuhama, hizo picha ndizo zitaonyesha ni doa gani ulikuta.