IJUE SWICHI YA TAA: KUTOKA NEWCASTLE 1884 HADI TAA ZA KUWASHA KWA SIMU, NA WAYA MMOJA UNAOWEZA KUKUUA

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Naomba niongelee kidude ambacho pengine umekigusa asubuhi hii bila hata kukitazama: swichi ya taa.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Kwenye chumba nilichokuwa nimepanga, balbu iliungua. Nikazima swichi kama mtu mwenye akili zake, nikapanda kwenye stuli, nikachomoa balbu. Wakati naingiza mpya, kidole kikagusa chuma cha ndani ya holda. Ninachokumbuka baada ya hapo ni kwamba nipo chini sakafuni, stuli imelala ubavuni kwangu, mkono mzima umekufa ganzi. Na swichi ilikuwa imezimwa! Kesho yake nikaita fundi. Akafungua swichi, akatikisa kichwa: "Kaka, una bahati. Aliyekufungia umeme kaweka swichi kwenye nyutro." Maana ya maneno hayo nitaieleza mwishoni. Tangu siku ile nimekuwa nasoma habari za swichi, na nimegundua kwamba ubunifu mwingi wa kidude hiki umezunguka swali moja: mtu ataamrisha vipi umeme bila umeme kumgusa?

1. Tatizo la kwanza: cheche

Umeme haupendi kukatwa. Ukitenganisha vyuma viwili vinavyopitisha umeme, unaruka hewani na kutengeneza cheche, ile ile anayoitumia fundi wa kuchomelea mageti. Swichi za mwanzo zilifuata mwendo wa mkono wako. Ukizima polepole, cheche inakaa muda mrefu, inakula vyuma, na inaweza kuunguza kila kitu.

Tatizo lilikuwa kubwa zaidi kwa sababu umeme wa miaka ile mara nyingi ulikuwa DC, kama ule wa kituo cha Edison cha Pearl Street, New York, kilichoanza mwaka 1882. Umeme wa AC tunaoutumia majumbani hushuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche yake inapata nafasi ya kujifia. DC haina mapumziko.

Mwaka 1884 mhandisi John Henry Holmes wa Newcastle, Uingereza, akaja na jibu: spring. Wewe unasukuma kitasa, spring inajikunja, ikifika mahali fulani inafyatuka na kutenganisha vyuma kwa kasi ile ile, uwe umesukuma haraka au kwa uvivu. Ile sauti ya "ta!" unayoisikia ukiwasha taa ni ya kitu kinachofyatuka ndani, na wazo lake ni hilo hilo la Holmes.

Somo kwa wenye sola: swichi ya ukutani ya AC usiiweke ovyo kwenye DC, hasa pale paneli zinapounganishwa mfululizo na volti kupanda. Tafuta swichi au breka iliyoandikwa DC pamoja na kiwango chake. Vinginevyo unarudi kwenye cheche za kabla ya Holmes.

2. Taa moja, swichi mbili

Unawasha taa ya ngazi ukiwa chini, unaizima ukiwa juu. Mafundi wetu wanaiita "tuwei". Watu wengi wanadhani ni maajabu, kumbe ni hesabu ndogo. Kati ya swichi hizo mbili zinapita nyaya mbili, na kila swichi inachagua waya mmoja. Zote zikichagua waya ule ule, taa inawaka. Zikitofautiana, inazimika. Basi, hakuna kompyuta wala nini.

3. Kupunguza mwanga bila kupoteza umeme

Zamani ukitaka mwanga hafifu, kama kwenye majumba ya maigizo, njia mojawapo ilikuwa kuweka rizista kubwa njiani. Mwanga ulipungua kweli, lakini sehemu ya umeme uliouzuia iligeuka joto. Unalipia giza!

Mwaka 1959 Mmarekani Joel Spira, akifanya majaribio kwenye nyumba yake ndogo New York, alitengeneza dima inayotumia vifaa vya kielektroniki na inayoenea kwenye kiboksi cha ukutani. Mwaka 1961 akaanzisha kampuni ya Lutron pamoja na mkewe Ruth. Ujanja wa dima za namna hii ni kwamba haziukandamizi umeme, zinaukata vipande. Katika kila nusu ya wimbi zinachelewa kidogo kabla ya kufungua njia. Zikichelewa zaidi, mwanga unapungua. Jicho halioni kukatwa huko kwa sababu kunafanyika mara mia au zaidi kwa sekunde.

Angalizo: dima nyingi za zamani zilibuniwa kwa ajili ya balbu za waya. Ukiiweka balbu ya LED ambayo boksi lake halina neno "dimmable", inaweza kupepesa, kuunguruma au kufa mapema.

4. Umbo nalo lina maana

Kwa mtindo wa Kiingereza, ambao ndio tulioachiwa Afrika Mashariki, ukibonyeza chini taa inawaka. Marekani ni kinyume, juu ndiyo kuwasha. Huko Marekani, mwaka 1973 kampuni ya Leviton ilitoa swichi pana bapa iitwayo Decora, badala ya kile kijiti kidogo kinachochomoza. Inaonekana ni urembo tu, lakini sehemu pana unaweza kuibonyeza kwa kiwiko ukiwa umebeba ndoo, na mzee mwenye vidole vigumu hapati taabu.

Waingereza nao bafuni hutumia swichi ya kamba inayoning'inia kutoka darini. Mkono wenye maji unashika kamba, umeme unabaki juu.

5. Swichi zisizohitaji mkono

Kuna fotoseli, ambayo inahisi giza na kuwasha taa za barabarani jioni. Kuna sensa ya mwendo, inayohisi joto la mwili linapohama kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Ndiyo maana ukikaa kimya sana kwenye choo cha ofisi taa inakuzimikia: kwa sensa, asiyetikisika hayupo.

6. Swichi bila waya, taa kwenye simu

Hii ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Mwaka 2001 ilianzishwa Ujerumani kampuni ya EnOcean, iliyotokana na Siemens. Swichi yao haina waya wala betri. Nguvu ya kidole chako ukibonyeza inasogeza sumaku kwenye koili na kuzalisha umeme kiduchu, kama dainamo ya baiskeli, unaotosha kurusha ujumbe wa redio kwenda kwenye taa. Hapo umeme mkubwa haufiki kabisa kwenye kidole.

Oktoba 2012 Philips walitoa taa za Hue, unazoziwasha na kubadilisha rangi kwa simu. Leo taa na swichi za namna hiyo zipo za kila aina. Kabla hujatoa pesa, jua mambo mawili. Kwanza, nyumba zetu nyingi zimefungwa kwa mtindo ambao laivu ndiyo inashuka kwenye swichi na kurudi juu, nyutro inabaki darini. Swichi nyingi za kisasa zinahitaji nyutro ili zenyewe ziishi, kwa hiyo muulize fundi kwanza. Pili, kuna balbu za simu ambazo umeme ukikatika na kurudi saa tisa usiku, zote zinawaka. Kwa sisi tunaojua mgao, tafuta ile unayoweza kuipangia ifanye nini umeme ukirudi.

7. Turudi kwenye stuli yangu

Sasa ile habari ya nyutro. Umeme unakuja na laivu, unapita kwenye balbu, unarudi na nyutro. Ukikata waya wowote kati ya hiyo miwili taa inazimika, na hapo ndipo mtego ulipo. Ukikata laivu, holda inakufa kabisa. Ukikata nyutro, balbu inazimika lakini holda bado ina volti takriban 230, inasubiri njia ya kwenda ardhini. Siku ile njia ilikuwa mimi.

Spring ya Holmes, dima ya Spira, hata swichi ya simu, hakuna hata moja itakayokuokoa kama fundi amebadilisha nyaya. Kanuni ni moja: swichi ya taa inayokata waya mmoja lazima ikate laivu. Sasa fanya haya:

- Kabla ya kubadili balbu, zima meni swichi au breka ya taa. Swichi ya ukutani peke yake usiiamini.
- Mwite fundi apime holda wakati swichi imezimwa. Ikionekana bado kuna umeme, arekebishe siku hiyo hiyo. Asitegemee testa ya bisibisi peke yake, inaweza kudanganya.
- Balbu ya LED inayowaka kwa mbali hata ukizima inaweza kuwa dalili ya tatizo hili. Sababu nyingine zipo, kama kitaa kidogo kilichomo ndani ya swichi, lakini kagua.
- Usiamini rangi tu. Nyumba za zamani laivu ni nyekundu na nyutro nyeusi, za mtindo mpya laivu ni kahawia na nyutro ya bluu. Aliyefunga kwa haraka anaweza kuwa ametumia waya wowote uliokuwa mkononi.
- Tumia fundi mwenye leseni. Tanzania leseni hutolewa na EWURA, Kenya ni EPRA. Mwombe akuonyeshe, si matusi hayo.

Nilipohama chumba kile nilimwachia mpangaji aliyenifuata karatasi ukutani, juu ya swichi: "Imeshatengenezwa, lakini zima meni kwanza." Sijui kama aliisoma. Wewe umeisoma.

Kama nawe yamekukuta ya namna hii, au wewe ni fundi na una la kuongeza au kunisahihisha, uwanja ni wako hapo chini. Tuelimishane wadau.