Jeli ya Kupimia Mionzi na Shaka Yake
Mwaka 1927, Hugo Fricke na Sterne Morse walieleza jinsi ya kupima mionzi kwa mmumunyo wa chumvi ya chuma. Mionzi ikipita, ioni za chuma hupoteza elektroni; dozi ikizidi, ioni zilizogeuka nazo huzidi. Kipimo kilikuwa sahihi, ila kilitoa namba moja tu kwa chupa nzima. Mtibabu wa saratani anayetumia mionzi alitaka zaidi: dozi imetua wapi, na imeishia wapi?

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1984. John Gore na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kwamba ioni zilizogeuka huharakisha protoni za maji kurudi kwenye utulivu wake ndani ya sumaku, na mashine ya MRI huweza kuuona mwendo huo. Haukupita muda mrefu, mmumunyo wa Fricke ukagandishwa kuwa jeli. Lakini ioni hazikutulia. Baada ya saa chache mpaka wa dozi ulikuwa umetawanyika kama wino kwenye karatasi mbichi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Marek Maryanski, Gore na wenzao wakakiacha chuma, wakatumia kemikali iitwayo akrilamidi. Hapo mionzi huunganisha molekuli kuwa polima isiyohama, na jeli angavu huonyesha ukungu mweupe pale mionzi ilipopita. Tatizo likawa oksijeni, ambayo huzuia muungano huo. Jeli ikabidi itengenezwe bila kuguswa na hewa, na akrilamidi yenyewe ni sumu ya neva. Mwaka 2001 ikaja jeli iliyotiwa vitamini C na shaba kidogo ili kuifunga oksijeni, ikatengenezwa kwenye hewa ya kawaida.

Hata hivyo shaka haikwisha. Yves De Deene na wenzake, huko Ghent, Ubelgiji, waliifuatilia hatua kwa hatua. Jeli ikipata joto wakati wa kupigwa picha, usomaji hubadilika ingawa dozi ni ileile. Chupa kubwa hupoa polepole kuliko vichupa vya kulinganishia, hivyo jeli ya sufuria moja hutoa majibu mawili.

Tofauti hizo si ndogo kwa mgonjwa: mwaka 1976 tume ya kimataifa ya vipimo vya mionzi, ICRU, ilipendekeza dozi isipotoke zaidi ya asilimia 5. Ndiyo maana jeli huaminiwa kuonyesha umbo la dozi, lakini kwa kiasi chake, chemba ya ioni, kifaa kinachopima mionzi kwa umeme, bado ndiyo kipimo cha marejeo.