Diski Mpya, Masta ya Zamani

Land Rover ilipoanza kuuzwa mwaka 1948, ilikuwa na breki za dramu magurudumu yote manne. Kiwanda kilikuja kuweka diski za mbele kwenye modeli ya One Ten mwaka 1983. Gari za zamani zinazopandikizwa diski mara nyingi huishia na breki dhaifu, na lawama huangukia diski. Naona si haki. Dramu hujisaidia: gurudumu linapozunguka huivuta brekishuu ya mbele na kuikandamiza zaidi, hivyo mguu hubakiwa na kazi ndogo. Diski haina msaada huo. Pedi hubana kwa nguvu ya mafuta peke yake. Ukibadilisha breki za magurudumu ukaacha masta ileile, tena bila busta, umefanya nusu ya kazi.

Wapo wanaosema dawa ni masta pana zaidi. Kweli, itasukuma mafuta mengi na pedali itashuka kidogo tu, lakini kwa mguu uleule shinikizo hupungua: pedali ngumu, gari halisimami. Wengine husema ni upepo. Huenda, maana kalipa ikifungwa nipeli ikaelekea chini, upepo hautoki hata ukipampu mchana kutwa. Ila upepo huifanya pedali iwe laini na yenye kudunda. Pedali ikiwa ngumu, kagua kwanza busta na mpira wake wa kuvuta hewa, kisha kipenyo cha masta.