Mchagua Jembe

Katika miaka yangu yote ya ualimu, sikuwahi kusikia methali iliyotumiwa vibaya kuliko hii: mchagua jembe si mkulima. Methali yenyewe haina kosa. Wazee waliotuachia walitaka kumkemea mvivu anayesimama kando ya shamba akilaumu mpini huku wenzake wakipalilia. Lakini mimi nimeiona ikigeuzwa kuwa jibu la kila ombi. Mwalimu akiomba mizani ya maabara, anajibiwa kwa methali. Akiomba sumaku na waya wa shaba ili wanafunzi waone kwa macho yao jinsi umeme unavyozaliwa, anajibiwa kwa methali hiyohiyo, na waliomo kikaoni wanacheka. Nilifundisha fizikia katika chuo cha ualimu kabla ya kukabidhiwa shule, na kicheko hicho nakifahamu vizuri.

Leo nataka kuijadili methali hiyo kwa kufuata historia ya mtu ambaye huenda wewe, msomaji wangu, hujapata kumsikia. Ni Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ayalandi. Jina lake nililipata kwa mwalimu mwenzangu, raia wa nchi hiyo, aliyefundisha hisabati chuoni kwetu na ambaye aliporudi kwao aliniachia kanda tatu. Muziki wenyewe ulikuwa na kelele kuliko nilivyozoea mimi niliyekulia katika dansi. Kilichonishika ni habari za vyombo vyake.

Gallagher alizaliwa tarehe 2 Machi 1948 katika mji mdogo wa Ballyshannon, akakulia Cork, kusini mwa nchi. Utotoni alisikia redioni muziki wa bluzi, yaani ule muziki wa Wamarekani Weusi uliotoka kwenye mashamba ya pamba ya kusini mwa Marekani. Muziki huo nao ulikuwa umekwisha kubadili jembe lake. Mwaka 1943 Muddy Waters alihama kutoka Mississippi kwenda Chicago, na katika vilabu vya mji ule wenye makelele gitaa la mbao halikusikika. Ikabidi liunganishwe na umeme. Basi kijana wa Cork alipotaka kupiga bluzi ile, hakutaka gitaa lolote tu. Alitaka lile liwezalo kutoa sauti ile.

Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 15, aliliona dukani kwa Crowley mjini Cork. Lilikuwa Fender Stratocaster, lililotengenezwa Marekani mwaka 1961, na mwenye duka aliliuza kama chombo kilichokwisha kutumika. Inasimuliwa kwamba mwenyewe wa kwanza, mpiga gitaa wa bendi ya dansi, alikuwa ameagiza la rangi nyekundu akaletewa la rangi nyingine. Bei ilikuwa takriban pauni 100, fedha nyingi mno kwa familia ya kawaida ya wakati ule. Kijana alilichukua kwa mkopo. Ilibidi amshawishi mama yake, na hoja aliyoitoa ingemfurahisha mhasibu yeyote: akiwa na gitaa kama lile, angeweza kupiga solo na ridhim peke yake, kwa hiyo bendi isingehitaji kumlipa mtu wa pili. Ili alipe deni alijiunga na bendi ya dansi iliyoitwa Fontana, akavaa suti kama wenzake na kupiga nyimbo zilizotakiwa na wacheza dansi, wala si zile alizozipenda yeye.

Hapo tayari methali yetu imepata mtihani. Huyu alichagua jembe, tena jembe la bei kubwa, kisha akaenda kulima shamba la watu wengine ili alilipie. Nani atathubutu kusema hakuwa mkulima?

Turuhusu sasa fizikia kidogo, maana bila hiyo hatutaelewa alichokuwa akikilipia. Chini ya nyuzi za chuma za gitaa la umeme kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba, maelfu ya mizunguko. Mafundi hukiita kifaa hiki pikapu, na hakina uhusiano wowote na gari. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, nguvu ya sumaku inayopita katika waya hubadilikabadilika, na katika waya huzaliwa umeme mdogo unaofuata mtikisiko ule. Ni kanuni ileile iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831, ile niliyokuwa nikiombea sumaku na waya. Stratocaster ina pikapu tatu: ya karibu na daraja hutoa sauti kali, na ya karibu na shingo hutoa sauti nene.

Umeme ule ni mdogo mno hata usiweze kusukuma spika. Hupelekwa kwenye amplifaya ukakuzwe. Amplifaya aliyoitumia Gallagher miaka yake ya mwanzo ilikuwa Vox AC30, iliyotengenezwa Uingereza, yenye nguvu ya wati 30 na spika mbili, na ndani yake valvu za kioo kama zile za redio za zamani. Valvu ina tabia ambayo mhandisi wa redio huiona kuwa kasoro: ukiipa umeme mwingi kupita uwezo wake, haiwezi tena kuufuata kwa uaminifu. Vilele vya mawimbi hukatwa, na katika kukatwa huko huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo hazikuwamo. Sauti inakuwa na mkwaruzo, kama ya mwimbaji aliyefikia mwisho wa pumzi yake. Wapiga bluzi waliipenda kasoro hiyo, kwa kuwa ilifanana na koo la mtu.

Ili kuisukuma zaidi amplifaya ile, Gallagher aliweka juu yake kisanduku kidogo kiitwacho Rangemaster, kilichotengenezwa na kampuni ya Dallas ya Uingereza. Ndani yake mlikuwa na transista moja tu ya jemaniamu, betri ya volti 9, na vipande vichache vingine ambavyo mwanafunzi wa mwaka wa pili angeweza kuviunganisha. Kazi yake ilikuwa kukuza hasa sauti za juu kabla hazijaingia kwenye valvu. Gitaa, kisanduku na amplifaya: kwa vitu hivyo vitatu alisimama na kundi lake la Taste, watu watatu tu, mbele ya umati mkubwa kwenye tamasha la kisiwa cha Wight mwaka 1970.

Baadaye vyombo viliongezeka. Alitumia amplifaya za Fender na Ampeg, na pedali mbalimbali za kubadili sauti. Alikuwa na gitaa la Telecaster, na gitaa la chuma la National la miaka ya 1930. Hilo la mwisho ni la aina iliyobuniwa kwa sahani ya chuma tumboni ili lisikike bila umeme, nalo alilitumia kwa bluzi za zamani za mashambani. Kila chombo kilikuwa na kazi yake. Lakini alipopanda jukwaani, lile la mwaka 1963 ndilo aghalabu lililokuwa kifuani mwake.

Kuna kisa kimoja katika historia hii kinachotugusa sisi wa pwani. Kijana wa Kiingereza, Brian May, alikwenda kumsikiliza Gallagher London, kisha akamwuliza anaipataje sauti ile. Gallagher hakuficha. Akamweleza: AC30 na kisanduku kile. May akaenda akanunua vyombo vya namna hiyo, na juu yake akajenga sauti ya bendi ya Queen, ile ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Mwalimu yeyote atatambua kilichotokea hapo. Fundi amemwonyesha mwanafunzi jembe lake wazi, na mwanafunzi hakutoka na sauti ya fundi, bali ametoka na yake mwenyewe.

Na gitaa la May lenyewe je? Katika mwaka uleule wa 1963, akiwa hana fedha za kununua Stratocaster, yeye na baba yake, aliyekuwa fundi wa elektroniki, walianza kulichonga nyumbani. Shingo yake waliitoa katika mbao za meko ya zamani. Tazama basi vijana wawili wa mwaka mmoja: mmoja alikopa, mwingine alichonga. Hakuna kati yao aliyekubali jembe bovu kwa sababu tu eti mkulima hachagui.

Upande wa pili wa methali hata hivyo umo pia katika maisha ya Gallagher, nami sitaki kuuficha. Gitaa lake liliibiwa Dublin katika miaka ya 1960, likapatikana baada ya siku kadhaa likiwa limetupwa nje mvuani. Jasho lake na miaka ya safari vililibandua rangi mpaka mbao zikabaki wazi. Sehemu zikachakaa, zikabadilishwa, na vifungio vya kukazia nyuzi vikawa havifanani. Hakulitupa wala kuliuza. Alilibeba hata Belfast katika miaka ya 1970, wakati mabomu na mauaji yalipowafanya wanamuziki wengi kuuepuka mji ule. Sehemu ya albamu yake ya Irish Tour '74 ilirekodiwa huko. Waliomsubiri ukumbini hawakuja kuangalia rangi ya gitaa.

Gallagher alifariki London tarehe 14 Juni 1995, baada ya kupandikizwa ini, akiwa na umri wa miaka 47. Tarehe 17 Oktoba 2024 gitaa lile liliuzwa mnadani London kwa pauni 889,400 pamoja na ada. Bila kuhesabu kushuka kwa thamani ya fedha, ni karibu mara elfu tisa ya deni la yule kijana. Walionunua walilinunua kwa nia ya kulikabidhi Jumba la Makumbusho la Taifa la Ayalandi, nami nilifurahi kwamba halikuishia sebuleni kwa tajiri mmoja. Januari 2025 sanamu yake ilizinduliwa Belfast, karibu na Ulster Hall, ukumbi alioupigia.

Hata hivyo, pauni laki nane na zaidi hazikulipwa kwa ajili ya mbao na sumaku. Magitaa mengine mengi yalitoka katika kiwanda kilekile mwaka uleule, na hayana bei hiyo. Kilicholipiwa ni zaidi ya miaka thelathini ya mkono mmoja juu ya chombo kimoja. Lakini mkono ule usingefika popote kama mwaka 1963 mama yule angemjibu mwanawe kwa methali.

Kwa hiyo, kama ningepewa nafasi ya kuketi tena katika vile vikao, ningeomba methali isomwe na nusu yake ya pili, ambayo waliotutangulia waliiacha tuimalizie wenyewe. Mkulima na achague jembe, tena achague kwa makini. Akishalichagua, asiliweke chini. Na mwenye ghala asiwe mwepesi wa kunukuu methali kabla hajafungua mlango atazame mna nini ndani.